Kikao changu cha kwanza cha siri, Pipeline

Msiniulize nitakuwa mwanasaikolojia lini. Leo siri ya mtu imejibiwa na dirisha.

Kozi yetu haiishi bila kuketi na watu, uwasikilize, kisha umwandikie mwalimu ripoti. Jirani yangu Mama Shiro akakubali kuwa mteja wangu wa kwanza. Tukakaa kwake, tukafunga mlango, nikatoa ile sauti ya darasani:

"Mama, utakachosema hakitoki hapa."

"Amina," dirisha la ng'ambo likajibu.

Si mnajua mtaa wetu wa Pipeline, maghorofa yalivyobanana? Dirisha la ploti ya pili unaligusa na mwiko.

Nikajifanya sijasikia. Mama Shiro akashusha pumzi. "Hii sijawahi kuambia mtu. Tangu mamangu azikwe, sijalia."

"Ulilia Jumapili ukifua!" Hiyo sasa ni sauti ya jirani wa juu.

"Ilikuwa sabuni!" Mama Shiro akafoka.

Halafu akaanza kulia. Kulia kabisa.

Wueh. Kila kitu nilichosoma kikanihama. Nikabaki nimeshika kalamu tu.

Jirani wa juu akashuka na leso. Wa ng'ambo akapitisha flaski ya chai dirishani, kisha akaja mwenyewe. Kila mtu akaanza kusimulia mamake. Mimi kazi yangu ikawa kushika vikombe.

Mara Mama Shiro akajipangusa macho, akanigeukia.

"Na wewe daktari, mamako yuko?"

Jamani, nililia kuwashinda wote.

Sasa mliosomea hii kitu, nisaidieni. Kwa ripoti, pale kwa jina la mteja, niandike nani?