Binti yangu hajawahi kumeza antibayotiki, lakini wadudu wa tumboni mwake wameshaizoea

Wakuu, hodi humu ndani.

Naandika kutoka Likasi, Katanga, kwa hiyo Kiswahili changu kikipinda kinyoosheni kimya kimya. Ninachosimulia kimetokea nyumbani kwangu, na nikikikumbuka bado nashika kichwa.

Nina binti wa chekechea, Kapinga. Mtoto chuma. Anacheza na vumbi lote la Panda, mtaa wetu, anakula embe bila kuosha, wala hapigi chafya. Tangu azaliwe hajameza antibayotiki hata moja.

Hiyo ilikuwa sheria ya mama yangu, tunayeishi naye. Huku kwetu tunasema kuzobelea, ndiyo kuzoea yenu. Mama aliamini kwamba mtu akimeza dawa ovyo mwili unazobelea, halafu siku ya ugonjwa wa kweli dawa inamtazama tu. Kwa hiyo Kapinga tulimtunza. Siku akiugua, dawa itamkuta mgeni.

Basi kituo cha afya kikatangaza kuna watafiti wanaomba choo cha watoto. Sio wagonjwa, wazima! Mtaa ulicheka hadi basi. Mama akamkabili muuguzi:

"Mutoto iko muzima, sasa munatafuta nini mu mavi yake?"

Mke wangu si mtu wa maneno mengi. Alikuwa na mimba kubwa, akajikokota akapeleka kikopo.

Baadaye tukaitwa. Daktari wa pale, mama mmoja mpole, akatuambia Kapinga hana ugonjwa wowote. Ila tumboni mwake wanaishi bakteria ambao dawa tunazozijua haziwaui, hata sindano wanayoanza nayo hospitali.

Mama yangu akaruka. "Docteur, uyu mutoto hakunywaka dawa hata siku moja! Alizobelea namna gani?"

"Mama, haina mutoto njo alizobelea. Ni microbe njo ilizobelea."

Wakuu, nilikaa chini. Miaka yote tunaulinda mwili usizoee, kumbe anayezoea ni mdudu! Na mdudu hana mlango. Anatoka kwa jirani aliyemeza vidonge viwili, akapata nafuu, akaacha. Anatoka kwa kuku walionyweshwa tetra, antibayotiki ya dukani, ili wasife. Anapita kwenye maji, anafika kwenye kidole cha mwanangu.

Kilichonimaliza ni kwamba wanafundishana. Bakteria aliyeijua dawa anampa mwenzake ujuzi, hata asiye wa ukoo wake, kama majirani wanavyoombana kaa la moto kuwasha mbabula, jiko letu la makaa. Viumbe hawana macho wala ubongo! Nilitazama kile kitumbo cha Kapinga, kitovu nje, nikaogopa na kustaajabu kwa pamoja. (Msiseme nimekuwa mchungaji.)

Mdogo wake, Kabeya, akazaliwa. Hajamaliza hata mwezi, mwili ukawaka moto, akakataa ziwa. Tukakimbia naye hospitali.

Daktari wa zamu, kijana, alishashika ile sindano ya kawaida. Mke wangu akatoa hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kusikia kwake:

"Docteur, mu nyumba yetu kuko microbe yenye ilizobelea iyo dawa. Yaya yake iko nayo, na yeye iko muzima."

(Yaya kwetu ni dada mkubwa, sio msichana wa kazi.)

Kijana akasimama. Akampigia yule daktari wa kituo, wakaongea Kifaransa haraka haraka. Akatoa damu ipelekwe Lubumbashi, na bila kungoja majibu akamwanzishia mtoto dawa nyingine.

Tulingoja. Mama alisali Kiluba, mimi nilitazama ukuta. Kisha Kabeya akalishika ziwa la mama yake na kunyonya kwa hasira, na mimi mwanaume mzima nikalia mbele ya watu.

Majibu ya Lubumbashi yalikuja: ile sindano ya kwanza isingemfanya mdudu yule lolote. Mke wangu alisikiliza, akasema "merci", akaendelea kukunja nepi.

Nilichojifunza ni kwamba dawa sio ya mtu mmoja. Ukiichezea wewe, anayeikosa anaweza kuwa mtoto wa mwenzako ambaye hata jina humjui.

Siku hizi Kapinga hamgusi mdogo wake kabla ya kunawa, na anayemmiminia maji ni mama yangu. Juzi nikamsikia Kapinga anauliza:

"Kaku, bale ba mu tumbo yangu banaweza kuzobelea na sabuni?"

Bibi yake akafikiri kidogo.

"Bado," akasema. "Nawa."

Hiyo "bado" haijanitoka, wakuu. Nyie vidonge vikibaki huwa mnavifanyaje? Semeni ukweli, hata wa kunicheka waje.