Nakala za Dakika Iliyopita

Fundi wa programu anayekaa dirishani hutengeneza chombo cha kusakia makosa. Programu ikisimamishwa, chombo chake husoma kumbukumbu ya kompyuta mara moja na kuweka nakala karibu, kisirudi kuuliza yaleyale. Lakini programu ikisogea hatua moja tu, nakala zote hufutwa, naye hupangusa meza kwa kiganja kana kwamba pamemwagika unga.

"Dada, tukibakiza nusu ya nakala, chombo kitakimbia zaidi," jirani yake wa meza alimbembeleza.

"Ikishasogea, ulichokiona ni uvumi."

Akampigia simu mama yake, mara ya pili asubuhi ile. "Mama, umemeza dawa?"

Sauti ikasikika hadi kwa jirani: "Si nimekwambia bado?"

"Ulikuwa kitandani. Sasa nakusikia uko jikoni."

"Haya, nimemeza."

Jirani, bila kuambiwa, akaifuta ile nusu aliyokuwa ameshaibakiza kimyakimya.