Kavinya Amtafuta Mgonjwa

Kavinya alikuwa mshonaji katika kiwanda cha mashati mtaani Baba Dogo, Nairobi, na alitaka kwenda Ujerumani kutunza wazee. Dalali mmoja akamwambia, "Dadangu, masomo ya nini? Ingia kama mtalii, ukishafika ujifiche."

"Nijifiche vipi mimi?" Kavinya akamjibu. "Nikicheka hapa mtaani Mowlem, mtaa wa Umoja wanasikia."

Akafuata njia halali: chuo, mtihani, mkataba, ndipo viza ya kazi. Tatizo likawa mazoezi. Mwalimu alitaka wanafunzi wajue kumgeuza mgonjwa kitandani, kumpangusa na kumlisha, huku wakizungumza naye Kijerumani. Kavinya akamwendea jirani yake, Mzee Shiundu, mstaafu wa reli aliyekuwa mzima kabisa.

"Mzee, naomba uwe mgonjwa wangu jioni."

"Nitalishwa nini?"

"Uji."

"Basi mimi ni mgonjwa sana."

Kazi ikamkolea. Uji ukamchosha, akaitisha omena, halafu kuku. Akiambiwa ashike kijiko mwenyewe, analegeza shingo na kutoa ulimi. Kijerumani nacho akakidaka.

Jumamosi moja Mukai wa kanisani akapita mlangoni, akamkuta mzee amelala chali, analishwa, anabwabwaja maneno ambayo Mukai hakuyaelewa. Mukai alitoka mbio. Muda si muda chumba kikajaa akina mama, wanaimba, wanakemea pepo. Kavinya akajaribu kueleza, sauti yake ikamezwa na mapambio. Mzee naye akajikausha, maana mmoja alikuja na chapati.

Kisha Mukai akanong'ona, "Jeneza tutaagiza la futi ngapi?"

Mzee akaruka kitandani. "Mimi ni wa mazoezi!"

"Amefufuka!" wakapiga mayowe, na wawili wakatorokea dirishani.

Siku ya mtihani Kavinya alipewa mwanasesere mkubwa wa mpira. Akamgeuza, akampangusa, akambembeleza kwa Kijerumani hadi mtahini akatabasamu. Alifaulu. Mkataba ukaja, na baadaye viza.

Kwenye uwanja wa ndege, Kavinya alikuwa analia machozi ya kweli, ndipo alipomwona Mzee Shiundu amevaa tai na kubeba begi.

"Mzee, unaenda wapi?"

"Nimekuja kuuliza. Hawa Wajerumani wanachukua watunzaji tu? Wagonjwa wenye uzoefu hawatafuti?"

Kavinya akacheka hadi askari wa mlangoni akageuka. Akamkumbatia mzee, akamrekebishia tai, akaingia ndani na karatasi zake mkononi.