Usiunywe Mti wa Mbegu

Nakumbuka bado uzito wa shoka lile, mwanangu. Lilikuwa la marehemu mume wa shangazi yangu Veronika, na mpini wake ulikuwa umelainishwa na viganja vyake. Mimi nilikuwa nimetoka Salamabila, kijana asiye na dhahabu wala cheti, kwa sababu shule niliiacha mapema na mashimo ya dhahabu nayo yakaniacha. Nilikuja kwa ajili ya matanga. Kijiji chao kiko kwenye njia ya kutoka Kasongo kwenda Nyangwe, na ukifika wakati ule macho yalipokewa na huzuni mbili: ya nyumba iliyofiwa, na ya shamba lililo nyuma yake.

Lilikuwa shamba la michikichi, ambayo sisi twaiita mingazi. Nyumba ile ilikula, ilivaa na ilisomesha watoto kwa mawese yake. Sasa miti ilikuwa inakauka. Makuti yalivunjika katikati, yakaning'inia kuzunguka shina kama kikwembe kilichochanika, kisha kilele kikakonda, mti ukafa. Ukipasua shina unakuta ndani nyuzi za kahawia, njia za maji zimeziba. Ni ukungu unaokaa ardhini na kuingilia mizizini, lakini siku zile hatukujua. Watu walinong'ona juu ya wivu wa majirani. Mimi, mdadisi tangu tumboni, nilipasua shina baada ya shina, nikaona nyuzi zilezile, nikachoka kumtafuta mchawi.

Katikati ya maiti hizo, mungazi mmoja ulikuwa umesimama kijani, umebeba vichala.

Unajua desturi yetu. Matanga yakiisha, wageni hawaondoki na koo kavu. Mungazi huangushwa, shina hutobolewa, na malafu, pombe yake, huwa ndiyo ya kumuaga marehemu. Mti mgonjwa hautoi kitu. Basi Alfonsi, mdogo wa marehemu, akanipa shoka na kunionyesha ule wa kijani.

"Kata huu," akasema. "Ile ingine imekufa, huu nao utakufa tu. Tuukunywe mbele ya kuoza."

Nikaona ni maneno ya akili. Nikainua shoka. Shangazi akatoka jikoni, unga wa muhogo bado mikononi, akaketi chini, mgongo akauegemeza kwenye shina.

"Kata sasa. Anza na miye."

"Shangazi, simama. Watu wanangojea."

"Wewe mutoto wa kaka yangu, kule Salamabila walikufundisha kuchimba tu? Ile yote imekufa, huu umekataa. Mutu akikataa kufa, unamuua weye?"

Alfonsi akapandisha sauti ili wote wasikie. "Shemeji, kaka yangu tumuage kama mbwa? Watasema nini Nyangwe? Matanga ya kunywa mayi!"

"Waseme. Kaka yako alikunywa ya kutosha, hana kiu." Watu wakacheka, hata waliokuwa wanalia. Yeye hakucheka. "Huu ni mama ya mbegu, Alfonsi. Ukiukunywa leo, watoto wa kaka yako watapika sombe na mafuta gani?"

Alfonsi aliondoka kabla ya chakula, hakumuaga mtu. Wageni walikula wali na sombe, yale majani ya muhogo, wakanywa maji, wengine wakaenda wakinung'unika njiani. Aibu ile shangazi aliibeba peke yake, na nakuambia haikuwa nyepesi. Mwanamke mjane, asiyewanywesha waombolezaji! Kwa muda mrefu sokoni walimpa mgongo.

Nilikaa kwake kidogo, si kwa wema, bali nilitaka kuona atafanya nini. Kichala kilipoiva alizika mbegu zake kwenye gunia la mchanga wenye maji, karibu na joto la jiko, akangoja. Mvumilivu hula mbivu, wanasema, lakini hawasemi anakula nini wakati anangoja. Miche ilipopata nguvu, mingine aliivusha kijito akaipanda kwenye udongo mpya, na jembe aliliosha kwanza asivuke na udongo wa ugonjwa. Mingine aliipanda palepale, kando ya visiki vya waliokufa.

"Shangazi," nikamwuliza, "unapeleka watoto makaburini?"

"Nataka nijue nani amefuata mama. Baba yao hatumujui. Vumbi ya maua ililetwa na upepo, na vidudu, nani anajua!"

Nikaondoka, kama kawaida yangu. Nilisukuma baiskeli zenye mizigo njia zote za Kabambare, na kila niliporudi nilikwenda kwanza kutazama visiki. Miche mingi kati ya ile ilikufa. Shangazi aliing'oa, akaichoma. Michache ilisimama, na ilipozaa akachukua mbegu zake, akazirudisha tena penye ubaya uleule. Safari hiyo walikufa wachache zaidi. Wachache, mwanangu, sikusema hakuna. Jambo hilo linanichosha hata leo. Ardhi haikupona. Miti ndiyo ilijifunza kidogo kidogo kuishi nayo.

Mingazi ya Alfonsi nayo ikavaa kikwembe kilichochanika. Hakuja mwenyewe, alimtuma binti yake. Shangazi akamjazia kikapu cha miche. "Mwambie baba yako aipande mbali na visiki," akasema. "Na asiikunywe."

Shangazi alipofariki tulikusanyika tena. Mungazi ule wa zamani ulikuwa mrefu, bado kijani. Vijana wakaanza kuutazama, na mmoja alikuwa tayari na shoka begani. Ndipo Alfonsi, mzee sasa, akaja na mkongojo wake, akaketi polepole, mgongo akauegemeza kwenye shina.

"Kateni," akasema. "Anzeni na miye."

Hakuna aliyekata. Tulimlilia shangazi Veronika kwa maji.

Basi nasaha yangu ni hii, nami naitoa nikiwa nimechoka. Ugonjwa ukipita shambani mwako, usitumie nguvu zote kuwalilia waliokufa. Mtafute aliyebaki, umlinde hata mbele ya shemeji zako. Miche ya kula panda mbali na visiki. Ya kujua panda penye ugonjwa, na iliyosimama ndiyo uichukulie mbegu tena. Osha jembe lako kabla ya kwenda kwa mwenzako. Wala usitegemee kumaliza kazi hii. Mimi sijamwona aliyeimaliza. Utamwachia mwanao hatua moja mbele, na hiyo inatosha.

Mungu akupe magoti yenye nguvu kuliko haya yangu. Chungu chako kisikose mawese. Na siku yangu ikifika, mwanangu, nililieni kwa maji.