Pikipiki Inayochagua Kata

Yasinta alikuwa fundi cherehani wa Kongowe ya Kibaha, na sare za kwaya pale parokiani karibu zote zilipita mikononi mwake. Watu walimsifu kwa mshono safi. Walimjua pia kwa jambo jingine ambalo hawakumsifia, nalo ni wivu. Mwenyewe hakulikana. Tangu utotoni, dada yake Flaviana akinunuliwa viatu, yeye alikuwa anaumwa tumbo, tena kweli kabisa, mpaka mama yao anambandikia uji. Alipoolewa na Wilbrod ugonjwa ule haukupona, ulihamia kwa mume. Kuna mwaka alimshonea mwimbaji mmoja wa sauti ya pili gauni lenye kiuno kama gunia, kwa makusudi, kwa sababu tu Wilbrod aliwahi kusema dada yule anaimba vizuri.

Wilbrod alikuwa bwana shamba. Kazi yake ilikuwa upande wa Kisarawe, akizungukia vijiji vya kata ya Msimbu kuwashauri watu juu ya mikorosho na mihogo yao. Asubuhi alitoka Kongowe, akashika barabara ya Morogoro mpaka Kiluvya, akakata kulia kuifuata ile ya vumbi ya kwenda Kisarawe. Chombo chake kilikuwa pikipiki kubwa ya Kijapani aliyoinunua kwenye mradi uliofungwa. Haikuwa kama hizi za bodaboda ambazo upepo tu unazitosha. Hii ilikuwa na rejeta ya maji kama gari, na nyuma ya rejeta feni ndogo ya kuipoza pale mwendo unapokuwa wa taratibu.

Kwaresima ya mwaka huo Wilbrod akaanza kuchelewa kurudi.

"Pole, Baba Brayan. Kulikoni?"

"Pikipiki imechemka."

Siku ya kwanza Yasinta alimwonea huruma, akamtengea maji ya kuoga. Juma lililofuata ikachemka tena, na juma la baadaye vilevile. Ndipo akaanza kuchambua mambo huku mguu ukikanyaga cherehani. Asubuhi pikipiki haichemki. Wakienda nayo Tumbi kumsalimia mgonjwa, haichemki. Wakienda nayo misa ya kwanza, haichemki. Inachemka Msimbu tu.

"Pikipiki gani," alijisemea, "inayochagua kata?"

Kuanzia hapo, mume akivua shati yeye analiokota na kulipeleka puani kabla halijafika kwenye beseni. Jasho alilijua, vumbi alilijua. Lakini shati lile lilinuka na moshi wa kuni, na chini ya moshi kulikuwa na harufu ya mchaichai. Nyumbani kwao walipikia gesi, na chai yao ilikuwa ya tangawizi. Usingizi ukampaa.

Kwa hiyo Jumamosi moja, Wilbrod alipokuwa anajiandaa kwenda kuwaonyesha wakulima namna ya kupogoa mikorosho, Yasinta akatoka chumbani amekwisha kujifunga kilemba.

"Twende wote. Nataka mihogo ya kule."

"Mihogo ya hapa sokoni ina nini?"

"Ya kule nasikia ni mitamu."

Wilbrod hakukataa wala hakufurahi. Alimpa helmeti.

Kwenye lami walikwenda vizuri, upepo ukiwapiga kifuani. Hata barabara ya vumbi haikuleta neno. Walipoipita Kisarawe mjini na kuingia njia za vijijini, mambo yakabadilika: mchanga mzito, mlima juu ya mlima, pikipiki ikipanda kwa gia ya kwanza na ya pili imebeba watu wawili. Yasinta alianza kusikia joto likimchoma miguuni. Taa nyekundu ikawaka mbele ya Wilbrod, harufu ya maji yaliyoungua ikapanda, mvuke ukafuka.

Kumbe ni kweli inachemka! Kwa muda mfupi Yasinta aliona aibu, na aibu ile ilimpendeza. Haikudumu. Wilbrod alizima injini na kuiacha pikipiki iserereke yenyewe hadi ndani ya uwanja wa nyumba moja ya bati, chini ya mfenesi, bila kubisha hodi. Na kabla hawajashuka, mwanamke akatoka nyuma ya nyumba ameshika dumu la maji. Ubavuni mwa dumu mtu alikuwa ameandika kwa mkaa: BWANA SHAMBA.

"Shikamoo, dada Ashura," alisema Wilbrod.

"Marahaba. Leo umekuja na mama mwenyewe! Karibu, dada, karibu sana."

Yasinta alimtazama. Alikuwa mwanamke aliyemzidi umri, mweusi, mwenye mikono ya jembe na pengo la mbele. Ilimpasa naye aamkie, lakini shikamoo hakuitoa. "Habari za hapa," akasema. Angekuwa msichana mzuri wa kujipodoa, Yasinta angejua la kufanya. Kwa huyu hakujua aanzie wapi.

Basi ili ionekane mwenye pikipiki ni nani na mgeni ni nani, akaisogelea na kunyoosha mkono kwenye kifuniko cha rejeta.

"Usikiguse hicho!" Ashura alimdaka kiganja. "Kikifunguliwa na moto wake kinarusha maji ya kubabua. Kiache kipoe, kisha unafungua kwa kitambaa, taratibu. Si hiki kilichomuunguza bwana shamba hapa?" Akajigusa mkono juu kidogo ya kifundo.

Yasinta aliijua alama ile. Wilbrod alimwambia ni ekzosi.

"Alipakwa nini?" aliuliza, sauti kavu.

"Asali. Nilimpaka asali, tena ya nyuki wadogo. Si unaona haikuacha kovu kubwa?"

Chai ikaja. Ilikuwa ya mchaichai. Wilbrod alivuta kigoda kilichokuwa kimeegemea ukuta, akakikalia kama mtu aliyerudi kwake. Ashura akaanza kusimulia kuhusu beberu la jirani lililoingia kwenye mkutano wa kijiji likamla mwenyekiti kofia ya ukili kichwani. Akaiga mwenyekiti alivyokimbizana nalo. Wilbrod akacheka mpaka akajifuta machozi. Yasinta alikishika kikombe chake kwa mikono miwili. Kicheko kile alikuwa hajakisikia miaka mingi. Alidhani kimeisha, kama yanavyokwisha mambo ya ujana. Kumbe hakikuisha. Kilikuwa kinaishi huku.

Walirudi Kongowe. Mihogo alisahau kununua.

Jumatatu Wilbrod aliitwa kwenye semina mjini Kibaha, akaenda kwa daladala na kuiacha pikipiki uani. Yasinta akamwita Lusajo, fundi pikipiki wa hapo mtaani.

"Nataka isichemke tena," alimwambia. "Na nataka nione kwa macho yangu inachemka kwa nini."

Lusajo akaanza mwanzo. Akatazama maji ya rejeta, yalikuwepo. Akapapasa mipira yote, hakuna iliyovuja. Matundu ya rejeta yalikuwa na tope, akayaosha. Kisha akaiwasha injini, wakaiacha ingurume imesimama. Joto likapanda hadi taa nyekundu ikawaka, na feni haikutikisika hata kidogo.

"Unaona? Hapa ndipo ilitakiwa izunguke yenyewe. Ikiwa mbioni upepo unaisaidia. Ikiwa mlimani kwenye mchanga, haina msaada."

Basi ndiyo maana ilichagua kata. Yasinta aliuma midomo. Lusajo akazima, akakagua fyuzi, ikawa nzima. Akachomoa waya za feni na kuziunga moja kwa moja kwenye betri, na feni ikavuma. "Feni hai." Akazirudisha waya mahali pake, akaifuata swichi ndogo iliyofungwa ubavuni mwa rejeta. Akachomoa soketi yake, akaunganisha waya zake mbili kwa kipande cha waya, akawasha umeme wa pikipiki. Feni ikavuma tena.

"Basi mkosaji ni huyu. Kazi yake kusikia joto na kuiambia feni izunguke. Huyu hasikii." Akainua macho. "Lakini, Mama Brayan, si nilimwambia Baba Brayan mambo haya haya tangu kabla ya Pasaka? Nikamwambia swichi ninayo, ilete siku yoyote. Akasema hana haraka."

Yasinta alishika mti wa kuanikia nguo.

"Alisemaje?"

"Kwamba hana haraka."

"Ifunge hiyo swichi," alisema. "Ifunge sasa hivi."

Wilbrod aliporudi, jua likiwa limeinama, alimkuta mkewe amesimama uani kando ya pikipiki inayonguruma. Yasinta hakumwamkia. Alimwacha asimame mlangoni mwa ua. Joto likapanda, likapanda, kisha ghafla feni ikajiwasha na kuvuma. Yasinta akazungusha ufunguo, injini ikazima.

"Lusajo alikuambia kabla ya Pasaka."

Wilbrod akaitazama feni.

"Una nini na yule mwanamke?"

"Sina kitu naye."

"Basi uliiacha ikichemka kwa nini?"

"Ili nipate sababu ya kusimama." Alivua kofia, akaitazama kama si yake. "Pale nakaa, Mama Brayan. Nakunywa chai, nasikia habari za mbuzi na mvua. Pale hakuna anayeninusa shati."

Yasinta hakujua kwamba alikuwa anaonwa. Uso ulimwaka. Angesema ana mwanamke, kesi ingekuwa na njia yake: wangeitwa wazee, ingefika hata kwa padre. Lakini kesi ya kigoda na kikombe cha mchaichai unaipeleka wapi? Utasema amekuibia nini?

"Afadhali ungekuwa unalala naye," alisema, na neno lilipotoka alijua halikuwa kweli, ila lilikuwa karibu na kweli.

Baada ya siku ile pikipiki haikuchemka tena. Wilbrod alirudi mapema, alioga, alikula, alisikiliza taarifa ya habari. Yasinta alikuwa ameshinda. Alikaa na ushindi wake mezani, akamtazama mume anavyotafuna kwa adabu, na wivu ukamkaba kuliko zamani, kwa sababu sasa alijua kinachokosekana na kiko wapi. Kunusa mashati aliacha. Aliyaokota na kuyatia moja kwa moja kwenye beseni. Na mara mbili tatu alijaribu kusimulia kisa cha kuchekesha cha hapo kwenye cherehani, akakikata katikati, kwani alijisikia anaiga.

Mikorosho ilikuwa imeanza kutoa maua Wilbrod aliporudi jioni moja, amechelewa kidogo. Alisema kabla hajaketi, akimtazama usoni:

"Leo nimepita kwa dada Ashura. Pikipiki haikuwa na shida. Nimesimama tu."

Yasinta akaweka birika mezani. Ulikaa muda gani? Ulikaa wapi? Mlizungumza nini? Maswali yalijipanga kama watu kwenye foleni ya maji. Wilbrod alibaki amesimama, mabega ameyainua kidogo, kama anayesubiri kumwagiwa kitu.

"Hajambo?" Yasinta aliuliza.

"Hajambo. Anakusalimu." Mabega yakashuka. "Unajua lile beberu? Safari hii limeingia msibani."

"Wee!"

"Haki ya Mungu. Watu wamekaa kwenye mikeka, sheikh anasoma dua..."

Yasinta alimmiminia chai. Aliona wazi kwamba kisa kile kilikuwa kimechekewa kwanza mahali pengine, mchana ule ule, na yeye anapewa makombo. Roho ilimuuma hasa.

"Halafu ikawaje?" aliuliza, na Wilbrod akavuta kiti, akaendelea.