Meli Iliyozaa Kilindini

Juzi, hapa Langley Park, Marekani, mjukuu wangu Salma, mwanamaji na sichoki kulitaja hilo, alinisomea bandari ilizopita meli ya zamani ambayo jina lake limerithiwa na meli anayotumikia sasa. Mombasa ikatajwa. Nikamwambia, "Siku hiyo nilikuwepo."

Alasiri ile bandari ya Kilindini ilinuka mafuta na samaki wa kukaanga. Nilikuwa mdogo. Meli ya Wamarekani, kubwa kuliko mtaa wetu, ikanguruma, ikafunguka nyuma, maji yakamwagika, kikatoka kimashua. Leo najua meli za aina ile hubeba mashua za askari tumboni. Siku ile niliona inazaa na haina wa kuizalisha.

Nilimkimbilia nyanya yangu, mkunga wa mtaa. "Nyanya, meli inazaa, itakufa!"

Alijitanda leso, akabeba beseni. Tulipofika, kimashua cha tatu kilikuwa kinatoka. Nyanya alicheka hadi akakaa chini. "Ewe mtoto, mapacha hawa hawanihitaji mimi."

"Na mama yao?" Nilikuwa nalia.

Akaacha kucheka. Akasimama, akapiga kigelegele kirefu, na wauza samaki wakakipokea bila kujua sababu. Askari kwenye vimashua wakatupungia mikono.

"Kajifungua salama," akaniambia. "Futa kamasi, twende."