Njaa ya Quincy

Usiku kucha Rael hakufungua kitambaa kichwani. Alikaa kwenye kochi nyumbani kwake Kangemi, simu mapajani, akingoja Shiku, mke wa mwanawe, apige kusema Quincy anaendeleaje. Jioni hiyo alikuwa amekimbizwa hospitali, akitapika hata maji. Na Rael alijua chanzo: ni kuku wake wa Jumapili.

Quincy alizaliwa na njaa. Alinyonya kwa fujo mpaka wakunga wakacheka. Alipokua, akiingia kwa mamake alisalimia sufuria kwanza, binadamu baadaye. Hata alipopata kazi ya ofisi Westlands, akaoa na kuhamia Mountain View, kila Jumapili alikula kwa Rael mpaka alegeze mshipi. Kanisani walimwita Mheshimiwa kwa sababu ya kitambi. Kisha sukari ikapanda, na daktari akamwanzishia sindano ya kila wiki, ya kushusha sukari na kukata hamu ya chakula.

Ilikata, na si ya chakula tu. Bia aliacha bila kuombewa. Kelele zake mezani zikaisha. Rael alimchunguza Jumapili baada ya Jumapili: amekaa ametulia, kama mtu anayengoja kuitwa kwa mahojiano ya kazi.

Ndipo Jumapili hiyo akachinja kuku, akamwekea firigisi. Kwao Wamaragoli firigisi ni ya mwenye boma, na tangu baba afariki mwenye boma ni Quincy. Yeye akaisukuma upande wa dada yake.

"Jacky, kula hii."

"Mimi? Unataka niote ndevu?" Jacklyne akacheka. "Ama siku hizi umekuwa modo, unaogopa kunenepa?"

Rael hakucheka. "Sindano imeniibia mtoto. Huyu si Quincy. Kama ni yeye, ale tuone."

Quincy akala. Firigisi, paja, mlima wa ugali. Akala huku anamtazama mamake, jasho likimtiririka.

Alfajiri simu ikalia. "Wametuachilia, Mama," Shiku akasema. "Walimwongeza maji mwilini, sasa yuko sawa. Lakini amejifungia chumbani, hataki kuongea na mtu."

Rael akavuka barabara ya Waiyaki Way kabla jua halijapanda. Shiku akamkaribisha na kumwonyesha mlango wa chumba. "Mgongee tu uingie, Mama."

"Mwanangu, chumba cha kulala cha mwana aliyeoa mimi siingii. Hata awe mgonjwa. Niletee kiti."

Kwao Shiku hawakuwa na mwiko huo, lakini alileta kiti cha jikoni. Rael akaketi akiutazama mlango.

"Quincy."

Sauti ikatoka ndani: "Umekuja kuangalia kama mtoto wako amerudi?"

"Nimekuja kukuambia uache hiyo sindano. Uwe wewe. Mimi nilikujua kwa njaa yako kabla hata sijakupa jina."

"Mama, ile njaa ilikuwa inaniburuta kama mbuzi wa sokoni. Niko kanisani, nawaza chapati. Niko na Shiku, nawaza chapati. Sasa ndio naweza kumsikiliza mtu mpaka amalize."

"Hiyo ni ukweli," Shiku akadakia kutoka jikoni. "Siku hizi hata ugomvi tunamaliza."

"Na utani wako?" Rael akauliza. "Na kelele?"

"Labda zitarudi. Labda hazitarudi. Sijui, Mama." Kitanda kikalia. "Lakini Baba alipofariki sikuonja kitu mpaka tukamzika. Siku hizo nilikuwa nani?"

Rael aliziona siku zile: kijana asiyegusa chakula, akibishana na wauza majeneza, akiwatuliza wajomba, akilala sebuleni ili mamake asiamke peke yake. Hakuwahi kumuuliza kama ni yeye. Naye Rael mwenyewe, damu ya mwezi ilipokoma na mwili ukapoa, na hasira zake za zamani zikaenda nayo, nani alisema Rael ameondoka?

Akasogeza kiti karibu zaidi.

"Sikiliza. Jana njaa hukuwa nayo, sivyo?"

"Hata chembe."

"Na ukala mpaka ukaanguka, kwa sababu mimi nilisema. Njaa ingemfanya mtu yeyote ale kuku wangu. Lakini kula bila njaa, kwa ajili yangu, nani angefanya hivyo? Huyo namjua. Huyo nilimzaa mimi. Endelea na sindano yako. Mimi nitajifunza kupika kidogo. Lakini usinifanyie tena ujinga wa kula ili kunifurahisha. Useme hapana, nitanuna, halafu nitanyamaza."

"Utanuna kweli."

"Nitanuna sana. Sasa toka. Mimi huko siingii, na hiki kiti chenu kinanivunja mgongo."

Ndani kukasikika cheko fupi, kisha nyayo sakafuni, taratibu, za mtu ambaye bado hana nguvu. Ufunguo ukazunguka, na mlango ukafunguka.